Kifaa cha Baridi

Asubuhi ile Nuriat Ismail hakutulia kitini. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaketi tena, mpaka bosi wake, Daktari Rutaihwa, akamuuliza kama kile kiti kina siafu. Ofisi yao ilikuwa ghorofani mjini Bukoba, dirisha likitazama ziwa, na siku nyingine Nuriat angeweza kulitazama ziwa hilo akatulia. Siku hiyo halikumsaidia. Kilichomnyima raha kilikuwa kwenye kompyuta: ramani ya mabonde ya Muleba, nyekundu karibu yote, na katikati ya wekundu huo doa moja la buluu.

Doa hilo lilikuwa bonde la Kyabitembe, na lilikuwa kazi ya Nuriat mwenyewe. Watu wengine hupaka rangi kuta za nyumba zao. Yeye alikuwa amepaka rangi miaka ambayo bado haijafika.

Huko juu, kwenye tambarare ya Kamachumu, katika mabonde yenye majimaji, anaishi chura mdogo wa kahawia mwenye tumbo la manjano, anayeenea kwenye kucha ya kidole gumba. Usimfananishe na wale wa mitaroni mtaa wa Kashai wanaokesha wakipiga kelele kama wamelipwa. Huyu ni mpole, tena ni wa baridi. Hutaga mayai yake chini ya majani mabichi, kwenye ardhi baridi, na ardhi hiyo ikipata joto kidogo tu mayai yanaoza kabla hayajaanguliwa. Hana pengine pa kukimbilia. Juu ya tambarare hakuna mlima, kuna mawingu tu.

Kazi ya Nuriat ilikuwa kutengeneza modeli ya maisha ya chura huyo. Modeli si uganga, ingawa kuna wakubwa wanaoiendea kama wanavyomwendea mganga. Unailisha vipimo vya joto la leo, unailisha makadirio ya hali ya hewa ya miaka ijayo, nayo inakuonyesha chura ataishi wapi na wapi atakwisha. Ukiilisha uongo itakurudishia uongo uleule, ila sasa umepakwa rangi nzuri na kila mtu anauamini.

Modeli ilisema mabonde yote yatakuwa na joto la kumuua chura huyu, isipokuwa Kyabitembe. Kutokana na jibu hilo mpango ukazaliwa: vyura wote waliobaki kwenye mabonde mengine wakusanywe, wahamishiwe Kyabitembe, wakae pamoja. Wote, bila kuacha akiba popote. Mkutano wa kuupitisha mpango huo ulikuwa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kama ramani ilikuwa imekosea, basi Nuriat angekuwa amewachukua vyura wa mwisho wa aina hiyo duniani na kuwapeleka kaburini kwa ndoo.

"Daktari, njoo uone huu mstari wa joto la Kyabitembe," alisema.

Rutaihwa alikuja na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu wa Kanazi, mtoto wa mkulima wa kahawa, mwenye mwili mkubwa na subira ya wastani. Aliinama akatazama.

"Naona mstari."

"Miezi ya mvua unapanda na kushuka, mchana na usiku, kama mabonde mengine. Kiangazi kikiingia unalala. Mchana ni sawa na usiku. Bonde gani linalala na kuamka na joto lilelile?"

"Bonde lenye kivuli na maji. Ndiyo sababu tumelichagua."

"Mabonde yote yana maji."

Rutaihwa aliweka kikombe mezani. "Nuriat, wafadhili wameshaiona ramani. Mkoa umeshaiona. Yule mama wa huko anayekilinda kifaa chako cha vipimo amealikwa Alhamisi aje apewe cheti, na kijijini kwake nasikia wanamwita profesa. Sasa wewe unataka ramani iwe nyekundu yote ndipo ufurahi?"

Jambo lilikuwa kinyume kabisa. Nuriat alilipenda lile doa la buluu. Miezi mingi alikuwa akifungua kompyuta ili alitazame tu, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala, na sasa alikuwa anaogopa kwamba alikuwa ameacha kulikagua kwa sababu ya mapenzi. Alichukua mkoba, akafunga vizuri mtandio wake, akasema anakwenda Muleba. Rutaihwa alimwambia gari la ofisi liko gereji. Akasema atapanda basi.

Kwenye basi pia hakutulia. Kanazi walipita, Kemondo wakapita, naye alikuwa amefungua na kufunga zipu ya mkoba mpaka jirani yake akauliza kwa upole kama amesahau kitu. Aliposhuka Muhutwe alipanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, bila kuuliza bei, jambo ambalo dereva alilipokea kwa heshima zote.

Jovina, yule mama mlinzi wa kifaa kule Kyabitembe, alikuwa mjane wa Kilutheri, mtu mzima, mwenye sauti ya kwaya na mikono ya jembe. Kibanja chake kilianza kanisani kikashuka, migomba na kahawa, hadi kwenye ukingo wa bonde. Siku Nuriat alipoleta kifaa chake, kidude cheupe kisichozidi kibiriti, aliwauliza wanakijiji nani atakuwa mlinzi wake, na Jovina akainua mkono kabla swali halijaisha. Tangu hapo Nuriat alikuwa akija wakati wa mvua, vyura wanapotaga. Anasoma kumbukumbu za kifaa kwa simu yake, wanakula pamoja, anaondoka.

Ndani ya nyumba majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, yananukia. Jovina alimkalisha, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, akaketi mbele yake akamkagua.

"Bojo, mwanangu, mbona umekuja na uso wa msiba?"

"Si msiba, Ma Jovina. Nilitaka kukiona kifaa."

"Kipo, kizima. Kitaenda wapi? Kwanza tafuna."

Nuriat alitafuna. Kuna nyumba ambazo unaweza kukataa kilichowekwa mbele yako. Kwa Jovina huwezi. Alitafuna huku mguu wake ukitikisika chini ya sketi, na Jovina akamletea kitenge atakachovaa Alhamisi, kipya, cha njano na buluu, akamweleza jinsi fundi alivyokosea mkono na jinsi alivyorudishiwa akarekebisha. Mchungaji alikuwa ametangaza kanisani. Hata dada yake wa Bumbire, ambaye hajawahi kumsifu kwa lolote, alikuwa amepiga simu.

"Haya," Jovina alisema mwishowe, "twende ukamwone mgonjwa wako."

Kifaa kilikuwa pale pale alipokiweka, kwenye mti uliochomekwa ukingoni mwa bonde, chini ya kofia yake ya plastiki. Nuriat alikigusa, akakikagua juu na chini. Kilikuwa kisafi kuliko siku kilipotoka dukani. Alishusha pumzi. Pengine Daktari alisema kweli, pengine kulikuwa na kivuli asichokiona. Alikuwa karibu kucheka alipoona kwamba kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Ma Jovina, mimi nilifunga kwa waya."

"Ulikatika zamani. Kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, waya gani utavumilia?"

"Kufungua kwa nini?"

Jovina alimshangaa kidogo, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mtoto anayeshika namba ya kwanza. "Si kwa sababu ya kiangazi? Ekyanda kikiingia, hapa jua linawaka mpaka udongo unapasuka. Na wewe uliniambia kwa mdomo wako kwamba hiki ni kifaa cha baridi. Nikasema kikikaa kwenye joto hili kitaharibika, mtoto wa watu atasema nini? Basi nikakitoa, nikakipeleka kisimani, nikakisukuma ndani kabisa, maji yanapotokea. Mvua zikianza nakirudisha mahali pako. Kila kiangazi, bojo. Sijasahau hata kimoja."

Nuriat alikumbuka vizuri sana. Siku ile ya kwanza alikuwa ameanza kwa kusema ukweli: hiki ni kipimajoto. Kabla hajamaliza, mama mmoja alikuwa ameshafika na mtoto mgongoni, anaomba apimwe homa, na nyuma yake wa pili, na wa tatu akiwa na mzee wake. Kila aliyekataliwa aliondoka amenuna, akiamini dawa zipo na yeye ananyimwa. Ndipo Nuriat, kwa kuchoka, akabadilisha neno. Jamani, akasema, hiki si cha joto la mwili, hiki ni kifaa cha baridi. Watu wakaelewa, wakatawanyika, naye akajisifu moyoni kwamba anajua kuongea na watu. Alizaliwa Bukoba, babu yake alitoka pwani, na kila mtu alimsifia Kiswahili chake. Basi Kiswahili hicho kizuri ndicho kilichomwambia Jovina kwamba kifaa hiki hakitakiwi kupata joto.

"Nimekosea?" Jovina aliuliza.

Alikuwa amesimama na mikono kiunoni, uso mwangavu, akisubiri sifa kama mtu anayejua zinakuja. Nuriat alifungua kinywa kusema ndiyo. Likatoka jingine.

"Umekitunza vizuri sana, Ma Jovina. Nionyeshe kisima."

Kisima kilikuwa chini ya mwamba, kwenye kona yenye kiza ambako jua halifiki, na maji yalitoka kwenye ufa na kujaa kwenye shimo lililochimbwa na watu wa zamani. Wanawake wawili walikuwa wakichota. Mwingine alikuwa akisuuza viazi pembeni. Walimsalimu Nuriat, wakampisha, naye akachutama akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Baridi ilimwingia mfupani.

Aliuacha mkono mle ndani, na mambo mawili yakamjia kwa pamoja. La kwanza lilikuwa lile alilolijia: bonde la Kyabitembe halikuwa na tofauti na mabonde mengine, kiangazi linachemka, na vyura wakiletwa humo watakufa na mayai yao. La pili hakulitarajia. Vipimo havikuwa vya uongo. Vilikuwa vya hapa. Mstari ule uliolala ulikuwa ukisema kweli tupu juu ya kona hii ya mwamba, isiyozidi sakafu ya chumba cha wageni, ambayo haijui kiangazi wala mchana. Maji yanatoka chini sana. Yatabaki baridi hata yeye akiwa amezikwa. Hapa chura angeweza kuishi, na juu ya tambarare nzima pengine ni hapa tu.

Alitazama majani mabichi yaliyoning'inia mwambani, akayaona moyoni mayai yakiwa chini yake. Kisha akazitazama ndoo na madumu, na yule mama wa viazi, na povu la sabuni kwenye jiwe la kufulia. Alijua jinsi ambavyo hifadhi hufanywa. Ni uzio wa seng'enge, ni kibao cha onyo, ni mgambo. Kitongoji kizima kingeambiwa kikachote mtoni, kule bondeni, mwendo wa kushuka na kupanda, maji ya rangi ya chai, na wa kwanza kuambiwa angekuwa mwenye kibanja kinachopakana.

"Haya maji hayajawahi kukauka," Jovina alisema nyuma yake kwa fahari. "Mama mkwe wangu aliniambia hata enzi zake hayakukauka."

"Naona," Nuriat alisema, akautoa mkono.

Jumatano alishinda ofisini amesimama. Alitoa vipimo vya kiangazi vya Kyabitembe, akaweka vilivyokadiriwa kutoka mabonde jirani, akaiendesha modeli. Doa la buluu likawa la rangi ya machungwa, kisha jekundu, likapotea. Akaiendesha tena akijua jibu. Akatoka, akaenda hadi ufukweni, akarudi bila kuketi. Shauri lake alikuwa amekwisha kulikata, na lilimkaa vibaya kama kiatu cha kuazima. Angeuambia mkutano kwamba vipimo vimeharibika, basi. Uhamisho ungesimamishwa, vyura wangebaki walipo mpaka itafutwe njia nyingine, na kisima asingekitaja. Hakuwa na hakika kama huo ni ukweli au ni uongo uliovaa vizuri. Alijua tu kwamba hawezi kuwa yeye wa kumzungushia Jovina seng'enge.

Alipomwambia Rutaihwa, mzee yule alivua miwani, akaivaa tena.

"Kilihamishwa wapi?"

"Mahali penye kivuli."

"Kivuli gani?"

"Sikupaona vizuri, Daktari."

Rutaihwa alimtazama kwa namna ambayo Nuriat hakuipenda. "Kitumbua chetu kimeingia mchanga," alisema. "Haya. Utawaeleza wewe mwenyewe, mimi sitaki kusikia sauti yangu ikisema maneno hayo."

Nuriat alipiga simu ya Jovina ili amwombe asije. Haikupatikana. Alipiga tena jioni, akapiga alfajiri, na kila mara sauti ya yule dada wa mtandao ilimwambia jambo lilelile kwa adabu.

Jovina alikuwa ameshafika. Alhamisi asubuhi Nuriat alipoingia ukumbini alimkuta amekaa mstari wa mbele, kitenge kinang'aa, kilemba kimesimama, mkoba umewekwa magotini kama biblia. Jovina alimpungia mkono. Nuriat alikwenda akainama, akamnong'oneza kwamba kuna mabadiliko kidogo, asishtuke kwa lolote atakalosikia, wataongea baadaye.

"Mimi nishtuke nini," Jovina alisema. "Nenda kafanye kazi yako, mwanangu. Simama wima."

Mwenyekiti, mtu wa mkoani mwenye shati jeupe, alifungua mkutano, akashukuru, akampa Nuriat nafasi. Nuriat aliweka ramani mpya ukutani. Wekundu ulijaa ukuta mzima, na minong'ono ikaanza kabla hajasema neno.

"Nawaomba radhi," alisema. "Ramani mliyoiona awali si sahihi. Vipimo vya Kyabitembe vimeharibika, havitumiki. Naomba uhamisho wa vyura usimamishwe."

"Vimeharibikaje?" mwenyekiti aliuliza. "Tuliambiwa pana mlinzi."

"Kifaa hakikukaa mahali pake wakati wote. Kosa ni langu. Sikueleza vizuri."

Bwana mmoja aliyekaa meza kuu, ambaye jina lake halitasaidia chochote hapa, alicheka puani. "Ndiyo matokeo," alisema, wala hakupunguza sauti. "Unamkabidhi mtu wa kijijini chombo cha kitaalamu, anakwenda kukichezea. Sasa miaka yote imepotea."

Nuriat alianza kusema kwamba sivyo. Sauti yake haikupata nafasi, kwa kuwa Jovina alikuwa amesimama. Alisimama taratibu, akauweka mkoba kwenye kiti, akawageukia wote.

"Waheshimiwa, mimi ndiye huyo mtu wa kijijini," alisema. "Naomba niseme kidogo. Kifaa hakikuchezewa. Hakuna mtoto aliyekigusa, hakuna mbuzi aliyekikaribia. Hakikuharibika hata siku moja."

"Mama, keti tu, hakuna anayekulaumu," Nuriat alisema.

"Nimesikia ninavyolaumiwa, nina masikio." Jovina alikaza kilemba chake. "Niliambiwa ni kifaa cha baridi. Mimi nikakitafutia baridi. Kiangazi chote kilikuwa kisimani, ndani ya maji, penye baridi kuliko mahali popote Muleba. Mkitaka muende na vifaa vyenu vingine vyote mkapime. Pale hapapati joto, si mwezi wa saba, si mwezi wa kwanza. Kama mnasema kimekosa baridi mnanionea."

Rutaihwa alikuwa amevua miwani, na Nuriat aliona jambo lilelile lililomjia yeye na mkono wake majini likimjia mzee yule kitini. Mwenyekiti alivuta karatasi karibu.

"Kisima kipi hicho, mama?"

Nuriat alimtazama Jovina, akatikisa kichwa. Alitikisa waziwazi, mbele ya wote, hakujali tena.

"Usinitikisie kichwa, bojo," Jovina alisema, na sasa macho yalikuwa na machozi. "Wewe mwenyewe ulisimama pale juzi ukaniambia nimekitunza vizuri sana. Au ulikuwa unanidanganya?"

Nuriat alitafuta neno. Yeye, aliyesifiwa Kiswahili mji mzima, alilitafuta na hakuliona.

"Hapana, Ma Jovina," alisema. "Sikukudanganya."

"Basi." Jovina alimgeukia mwenyekiti akapangusa shavu kwa kiganja. "Andika, mheshimiwa. Ukifika kanisani Kyabitembe usiende kushoto. Shuka na kibanja changu, ukiuliza kwa Jovina kila mtu anajua. Utaona mwamba mkubwa. Kisima kiko chini yake, na njia ni nyeupe, maana kitongoji kizima tunachota hapo."

Mwenyekiti aliandika yote. Rutaihwa alisema kwa sauti ya chini kwamba huu unaweza kuwa ugunduzi mkubwa kuliko ule wa mwanzo, kwamba eneo dogo kama hilo ni rahisi hata kulizungushia uzio, na bwana wa meza kuu akaitikia kwa kichwa kana kwamba wazo lilikuwa lake. Mtu fulani nyuma akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, ukumbi mzima, kwa furaha ya kweli, kwa kuwa vyura walikuwa wamepata mahali.

Jovina alinyoosha kitenge chake, akawainamia kidogo upande wa kulia na upande wa kushoto, akaketi. Kisha akamnyooshea Nuriat mkono, kumwonyesha kwamba amemsamehe.